Kipimo Kilichorukwa

Anayehusika ni daktari wa kliniki moja ya binafsi huko Kamukuzi, mjini Mbarara. Nalitamka hilo mwanzoni ili mtu asimtafute mkosaji kwingine. Si mke wangu, si jiko letu la hapa Juru, kambini, wala si ngano yenyewe.

Nilistaafu utumishi wa serikali kwetu Burundi kabla ya kuja kuwa mkimbizi hapa Nakivale, Uganda, na tabia ya ofisini haijanitoka: jambo likiamriwa, nataka kujua limeamriwa kwa msingi gani. Siku ile sikudai msingi wowote. Tumbo lilikuwa likivimba kila nilapo, likinguruma hata kanisani, na choo kilikuwa chepesi, cheupecheupe, chenye mafuta yanayoelea. Nilitaka tu likome.

"Muzee, hii tumbo yako haitaki ngano," daktari alisema kabla sijakaa vizuri. "Wacha chapati, wacha mandazi, wacha mukate. Iko kitu ndani ya ngano inaitwa gluteni. Hiyo ndiyo inakupiga."

"Na vipimo, daktari?"

"Vipimo ya nini? Wewe wacha. Ukisikia afadhali, hiyo ndiyo kipimo."

Akacheka, nami nikacheka kwa adabu.

Nikaacha. Gesi zilipungua upesi, uvimbe ukashuka, suruali zikalegea kiunoni. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nikila ugali wa muhogo asubuhi na jioni, choo kikawa kigumu kama kokoto, na siku zikawa zinapita bila kitu kutoka. Mke wangu akaongeza maharage na mchicha wa lengalenga, mambo yakatengemaa. Sokoni Base Camp, muuza chapati, anayeniita Shefu, yaani mkubwa, akanitangaza kwa sauti: "Shefu amekuwa muzungu wa tumbo! Mukate ya mukimbizi hataki, anangojea gato, keki ya wazungu!"

Ningalivumilia dhihaka hiyo kwa furaha kama ugonjwa ungalikwisha. Lakini kila Jumapili jioni ulirudi, kama mtu anayeizunguka nyumba akijua ni mlango upi haufungwi.

Mke wangu, aliyekulia upande wa Kongo, ndiye aliyeuona mlango huo. Tulikuwa tumetoka misani, yeye anachambua maharage, mimi nimejishika tumbo.

"Papa, ile unapokeaka kanisani, banaitengenezaka na nini?"

"Ile ni Mwili wa Bwana," nilimjibu kwa ukali.

"Najua. Niko nakuuliza, mbele ya kuwa Mwili, ilikuwa nini?"

Nimekomunika tangu utoto, na hostia haikuwahi kukaa akilini mwangu katika safu moja na chapati. Ni ngano na maji, basi. Daktari aliorodhesha mandazi. Hakuuliza mtu aliyekaa mbele yake anaishi vipi.

Jumapili iliyofuata nilibaki kwenye benchi. Katika parokia yetu, mume anayebaki ameketi wakati wenzake wanakwenda kupokea huhesabiwa kuwa ameweka mwanamke wa pili. Akina mama wawili waligeuka wakamtazama mke wangu kwa huruma. Yeye akaninong'oneza: "Ubaache. Batafute ule mwanamuke wako. Bakimupata, akuje anisaidie kulima."

Tumbo likatulia, nami nikadhani mambo yamekwisha.

Kumbe binti yetu, anayekaa kijiji cha pili na ananyonyesha, alikuwa akivimba tumbo vilevile. Alipoona nafuu yangu aliacha ngano naye, bila kumwambia mtu. Lakini yeye hakupata nafuu. Alizidi kukonda, na maziwa yakaanza kupungua. Nikampeleka Mbarara, safari hii kwenye hospitali kubwa, kwa daktari mwanamke aliyetusikiliza mpaka mwisho.

Alieleza kwamba ugonjwa wa gluteni hutembea katika damu ya ukoo, na kipo kipimo cha damu cha kuutambua. Lakini mtu akiwa amekwisha kuacha ngano, kipimo hicho kinaweza kusema hana ugonjwa, kumbe anao. Huenda binti yangu anao. Huenda ana kitu kingine kinachomla huku sisi tukilaumu mkate.

"Nani alikuambia uwache kabla ya kupima?" aliniuliza.

"Mwenzako."

Akasema kwamba kwa anayenyonyesha na mnyonge hivi, anaogopa kumrudisha kwenye ngano kwa kubahatisha. Atamchunguza kwa njia nyingine. Mimi nirudie ngano kila siku, kwa wiki kadhaa, nipimwe. Nikipatikana nao, watajua pa kuanzia kwake.

Kwa hiyo sasa nakula chapati. "Shefu amerudi duniani!" anasema muuzaji. Kanisani ninasogea mbele kupokea kama zamani, na wale akina mama wanampongeza mke wangu kwamba mume ametubu. Tumbo limerudi kwenye hali yake ya kwanza na kuipita. Vidole vya miguu vimeanza kufa ganzi, jambo ambalo zamani halikuwapo. Jana binti yangu alikaa mbele yangu akiitazama sahani yangu. Alikuwa amekula muhogo mtupu. Hata hivyo mkono wake ulishuka kiunoni, polepole, ukalegeza fundo la kitenge lililoanza kumbana.

Kwa sababu hizo, namtaka daktari yule wa Kamukuzi aeleze kwa maandishi, mbele ya mamlaka inayomsimamia, ni kwa msingi gani alinizuia ngano bila kunipima, na ni wagonjwa wangapi wengine aliowaambia kwamba nafuu ndiyo kipimo. Nadai pia atajwe mtu atakayewajibika iwapo ugonjwa wa binti yangu utajulikana kwa kuchelewa. Nadai jibu hilo lifike binti yangu angali na nguvu za kulisoma.