Ndoa Zote za Parokia Zilipopata Pingamizi

Jumapili ile, wachumba wote wa parokia yetu waliamka wana pingamizi.

Wote, jamani. Hata Mzee Ruphin na Mama Honorine, waliokaa pamoja mpaka wakapata wajukuu na sasa ndiyo wanatafuta ndoa ya kanisa.

Ule ukurasa niliutengeneza mimi. Padri, mon père wetu, alitaka matangazo ya ndoa yawe mtandaoni: ukijua sababu ya kuzuia ndoa unaandika, anasoma yeye peke yake, na majina yanageuka mekundu mpaka alimalize pingamizi hilo.

Jina langu na la mchumba wangu Laurentine yalikuwemo. Nilimpenda, harusi ilikaribia, roho ikawa juu juu.

Sasa, mimi ni mtu wa Ruby, lugha ya kuandikia programu. JavaScript, lugha ya kurasa za mtandao, na jQuery, msaidizi wake wa kutafuta vitu, nilijifunza haraka haraka kwa ajili ya kazi hiyo. Kwenye Ruby nilizoea hivi: ukitafuta kitu hakipo, unaambiwa hakipo, basi. jQuery inakukabidhi kapu tupu. Na JavaScript ikiona kapu, hata tupu, inasema ndiyo.

Mimi nilikuwa nimeuliza tu kama kila jina lina kapu la pingamizi, kwa hiyo kila mtu akawa mwekundu.

Baba mkwe, Papa Mutale, alinikamata mlangoni pa kanisa, hapa Kenya, si ile nchi bali komuni, yaani mtaa, wa mji wa Lubumbashi, watu wote wakitazama.

"Gauthier! Binti yangu iko na bwana mungine?"

"Hapana, Papa. Ni programu njo inakosea."

"Programu? Inatoka famille gani?" Alitaka kujua ukoo wake.

Nikakaa kwenye benchi na kompyuta yangu. Badala ya kuuliza kama kapu lipo, nikauliza lina vitu vingapi. Majina yakarudi meusi.

Yetu yakabaki mekundu.

Nikabadili hiki, nikabadili kile. Wapi! Nikampigia Laurentine afungue ukurasa upya kwenye simu yake, aniambie kama wekundu umetoka.

"Iko rouge bado?"

"Itabakia rouge. Ni miye niliandika."

"Juu ya nini?"

"Papa ulimuuliza. Bajomba uliuliza. Mon père naye ulimuuliza. Na miye?"

Nilitafuta siku niliyomuuliza yeye kama anataka nimwoe. Sikuipata. Aibu ilinishika.

Nikamuuliza papo hapo. Akasema atanijibu.

Ndugu zangu wa Ruby, msidhani kuna kitu ndani kwa sababu mmepewa jibu. Hesabuni kilichomo. Na mchumba aulizwe mwenyewe, si ukoo wake tu.

Laurentine bado anafikiria. Ukurasa sijaugusa tena, maana hauna kosa.