Fyuzi Mfukoni

Nimefanya kazi Bukoba, Musoma na Geita, lakini karakana isiyonitoka moyoni ni ile ya Mirongo, tulikopima saketi za majokofu ya samaki. Tulikuwa na mita moja na sanduku la swichi ndogo ndogo, rilei, zilizoiunganisha mita hiyo na waya mmoja baada ya mwingine. Kuunga waya za sanduku lile ilikuwa kazi yangu. Za umeme mkubwa nilizitenga upande wake, kila waya na namba yake, na kwenye kompyuta nilipanga kila rilei iachie kabla nyingine haijashika, zisije zikakutana.

Mimi na mwenzangu, niliyevuka naye ziwa kutoka Kamanga kuja kutafuta maisha, tulikuwa na mwiko mmoja: mwenye mikono ndani ya sanduku huchomoa fyuzi ya umeme na kukaa nayo mfukoni mwake. Swichi ya ukutani hatukuiamini.

Siku hiyo mteja alikuwa nje, analalamika samaki wake wanaoza. Mwenzangu akataka kujaribu saketi ya mteja huyo kwenye meza ya pili, iliyotumia njia ile ile ya umeme. Akatoa fyuzi nyingine kwenye droo, akaichomeka mahali pa ile niliyoichomoa. Mimi bado nilikuwa nakaza skrubu ndani ya sanduku.

Nilirushwa hadi ukutani. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikaungua, sanduku likafuka moshi.

Bosi akaja mbio. "Nani kaacha umeme?"

"Hakutoa fyuzi, bosi," mwenzangu akasema. Hakunitazama.

Nikaitoa mfukoni, nikaiweka mezani.

"Fyuzi humu zimejaa kibao," bosi akasema. "Hiyo ndiyo ushahidi?" Akaniambia kesho nisije.

Mwenzangu alinifuata nje. "Kaka, usinune. Mimi nina familia kule Kiseke. Wewe hata godoro huna, na miguu yako yenyewe haitulii. Utapata kwingine."

"Ungeniua."

"Si upo? Mbona unaongea?" Alijaribu kucheka, halafu akashusha sauti. "Ila, kaka, sanduku nimepewa mimi nilitengeneze. Umeme mkubwa unaishia namba ngapi?"

Nilikuwa nimeshampa mgongo. Lakini nilijua angebahatisha, na waya zile hazibahatishwi. Nikarudi ndani, nikamchorea kwa mkono wa kushoto, namba kwa namba. Yeye alinishikia karatasi isisogee.