Tangi la Ukuta wa Jikoni

Tarehe kumi na mbili Juni mke wangu alifariki. Kabla jua halijazama, sebule yetu hapa Katandala ilikuwa tupu.

Ndivyo tunavyofanya. Msiba ukiingia nyumbani, viti, meza na kabati vinatolewa nje na mikeka inatandikwa, ili kina mama wapate pa kukaa. Siku ile kilibaki kitu kimoja tu ukutani: tangi la kioo la mke wangu, refu kama benchi la watu wawili, lenye maji, majani ya ziwani na samaki wadogo. Vijana wa mtaani walijaribu kulinyanyua likawashinda. Mimi nilikuwa nje chini ya turubai na wanaume wenzangu, lakini dirisha lilikuwa wazi na nilisikia.

"Kumbe marehemu alikuwa na ziwa zima humu ndani," alisema mtani wetu mmoja, maana watani msibani hawafungwi mdomo. "Wavuvi walikuwa wanamlipa ushuru?"

Watu wakacheka kidogo. Kaka yangu, aliyekuwa anasimamia shughuli, akawaambia wamwage maji ili lipungue uzito, walipeleke stoo, kisha walijaze tena. Hayo ya kulijaza niliambiwa baadaye. Maji waliyakinga bombani na kuyamimina hapo hapo, ya baridi kama yalivyo Sumbawanga mwezi wa sita, na yakinuka dawa ya kusafishia maji. Wakafunga mlango wa stoo. Walifanya kwa heshima kabisa, na hakuna aliyekosea.

Mke wangu alizaliwa Kipili, kando ya Ziwa Tanganyika. Baridi ya huku juu hakuizoea hata siku moja. "Nyie Wafipa mnazaliwa na sweta," aliniambia mwaka ule nilipomwoa. Safari moja alikwenda kwao akarudi amepakata ndoo yenye mfuniko, ameishikilia kwenye basi njia nzima. Ndani mlikuwa na maji ya ziwa, mchanga, makome ya konokono na majani marefu membamba kama utepe. Mimi ni fundi wa madirisha, kwa hiyo nilimkatia vioo nikaviunga. Nilidhani ni kitu cha kumchosha baada ya mwezi.

Haukupita muda majani yakaanza kuyeyuka. Sijui neno jingine. Yalianza kuwa na madoa, yakapauka, yakawa yanapitisha mwanga kama nailoni, halafu ukiyagusa yanakatika vipande majini. Nilitaka kuyamwaga.

"Acha kwanza, fundi," alisema. Ndivyo alivyozoea kuniita. "Jani la zamani liliota kwenye maji mengine, haya haliyawezi. Litaondoka. Mzizi ukiwa mzima utatoa jingine linaloyaweza."

Na ulitoa. Majani mapya yalikuwa mafupi kuliko yale ya kwanza, na rangi yake ilikuwa nzito zaidi, lakini hayakuyeyuka.

Tangu hapo alilijua tangi lile kama mtu anavyojua mtoto mgonjwa. Maji ya bomba aliyaacha kwenye ndoo bila mfuniko mpaka harufu ya dawa iishe. Aliweka makome mengi kwenye mchanga kwa sababu, alisema, maji yetu ni mepesi mno, hayana chokaa ya kutosha majani ya ziwani. Pazia likifungwa muda mrefu majani yalipauka na kurefuka kuelekea dirishani. Jua likizidi, ukoga wa kijani ulifunika kioo. Samaki walipopungua majani yaligeuka manjano, maana uchafu wao ndio uliokuwa mbolea. Mchana wa mwanga mzuri yalitoa mapovu madogo yakipanda juu moja moja, naye aliacha kazi akakaa kuyatazama.

Matanga yalipoisha tangi lilirudishwa sebuleni. Samaki wote walikuwa wamekufa na kina mama walikuwa wameshawatoa. Majani yalikuwa yamelala, yamekuwa nailoni tena, na maji yalinuka. Mdogo wake marehemu, aliyebaki nami kusaidia wageni, aliinama akatazama.

"Shemeji, haya yameoza. Nikamwage?"

"Subiri."

"Unasubiri nini? Watu bado wanakuja kutoa pole, wakute harufu hii?"

Nikamwambia maneno ya dada yake, ya jani la zamani na mzizi. Alikwenda akaleta mkasi, akakata majani yaliyooza moja baada ya jingine, akilia bila sauti, akaacha mashina yamesimama mchangani. Nguo za marehemu zilipogawiwa, naye akarudi Kipili.

Nilifanya yote niliyomwona mke wangu akifanya. Nililaza maji kwenye ndoo. Nilifungua pazia. Nilisugua ukoga. Hata hivyo mashina yaliendelea kufa. Nililivuta moja likatoka bila kushika, la kahawia, laini kama ndizi iliyoiva sana. Siku nyingine jingine. Niliyatupa kwenye tuta la maharage nyuma ya nyumba. Sikuwa na kitu kingine cha kwake ambacho bado kilikuwa hai. Watoto hatukujaliwa.

Siku moja niliegemea ukuta ule nikiwa nimetumbukiza mkono majini. Maji yalikuwa ya kuuma vidole. Ukuta nao ulikuwa wa baridi. Nilikaa hivyo kwa muda ndipo nikaelewa. Upande wa pili ni jikoni, na jiko la mkaa lilikaa pale pale, likiwaka asubuhi na jioni miaka yote. Ndiyo maana alichagua ukuta ule. Tangu afariki nilikuwa nakula kwa kaka yangu, na jiko halikuwashwa.

Nikaliwasha jioni ile. Mkaa haupendezi kuungua bure, nikabandika maharage. Yalipoiva nikala.

Baada ya wiki mbili kaka yangu alikuja akasimama mlangoni. "Siku hizi huji kula. Shemeji yako anauliza kama tumekukosea."

"Hapana, kaka. Napasha tangi."

Aliangalia sebule, akaangalia tangi lenye shina moja tu. "Unapasha tangi," akasema.

"Ndiyo."

"Haya." Akavuta kiti akakaa. Nikampakulia maharage.

Shina lile moja lilitoa jani mwezi wa nane. Lilikuwa dogo kama punje ya mchele, lenye wekundu. Sikumwambia mtu. Lilirefuka mpaka kiasi cha kidole, halafu ncha yake ikaanza kupitisha mwanga. Nililitazama kila asubuhi likirudi nyuma kidogo kidogo, mpaka likakatika na kuelea.

Nikalitoa kwa kijiko. Kisha niliingiza mkono nikalibonyeza shina pale linapokutana na mchanga. Lilikuwa gumu bado. Nikafuta mkono, nikaenda jikoni kuongeza mkaa.