Trekta na Kofia ya Nyaya

Shuleni kwetu Njoro waliniita Trekta. Mwili wangu ulikuwa mwembamba kama fito, lakini nikiulizwa jambo nilichukua muda kuwaka, kama yale matrekta ya mashamba ya ngano asubuhi ya baridi. Mwalimu akinielekea tu, darasa zima linaguna kabla sijafungua mdomo. Iliniuma sana. Nilianza kuamini kwamba kichwa changu kina kasoro.

Mwaka 2007, nikiwa kidato cha tatu, mhadhiri mmoja wa chuo kikuu akaja shuleni na kofia ya nyaya. Alitaka kuona ubongo wa kijana unafanya nini anapochagua kati ya jema na baya. Mama alipopata habari, alikuja siku ya wazazi akanisuka upya na kunipaka mafuta ya mgando kichwa kizima, maana mtoto wake hangepimwa na wasomi akiwa na kichwa kikavu. Mafuta yale yakazuia nyaya kushika. Ilibidi mhadhiri anifumue na kunisugua kwa spiriti, huku akicheka mpaka machozi yakamtoka.

Maswali yalitokea kwenye kompyuta. Lori limekatika breki likiteremka mlima wa Mai Mahiu: dereva aligeuze kwenye kibanda chenye mtu mmoja, ili asiwagonge watu wengi walio mbele? Bonyeza ndiyo au la. Wenzangu walibonyeza chapuchapu. Mimi nilikaa. Muda ukaisha, likaja swali lingine, nalo likanipita. Nilitamani ardhi inimeze.

Mhadhiri akaniita nitazame mistari kwenye skrini. "Unaona hapa, sehemu ya mbele ya kichwa? Ulipokuwa kimya ndipo palichemka zaidi. Kwa watu wa rika lako hii sehemu bado inajengwa, lakini yako ilikuwa kazini. Nani alikuambia wewe ni mzito?"

"Shule nzima, madam."

"Basi shule nzima ingoje."

Mwanzoni mwa 2008 nilikuwa kepteni wa bweni. Tulirudi shule kwa kuchelewa, kwa ajili ya vurugu za baada ya uchaguzi, na kila mmoja alikuja na yake moyoni. Bwenini kwetu sanduku lako la bati ndilo haki yako ya kitanda: lilipo ndipo unapolala, na kepteni peke yake ndiye anayeruhusu lihamishwe. Alasiri ile nilikuta sanduku la msichana wa kitanda cha juu yangu limetupwa verandani. Mwenyewe alisimama kando yake, amekumbatia godoro. Alikuwa wa kabila lingine na wazazi wake walikuwa wakiishi kwenye hema Nakuru. Asipolala pale, hakuwa na pengine pa kwenda.

Msichana mmoja mwenye sauti kuliko wote akanikabili. "Trekta, watu wake walituchomea nyumba. Wewe sema tu hatalala hapa, tumalizane."

"Amua basi!" wengine wakadakia. "Mbona unatuzubaisha?"

Nilinyamaza. Waliguna kama kawaida yao. Niliogopa, sitaficha, wangeweza kunigeukia mimi. Nikamkumbuka mjomba wangu aliyepoteza nyumba yake Rongai, nikakasirika, na hasira ile ikataka kujibu kwa niaba yangu. Nikaiacha ipite. Nikamtazama huyu aliyenishikia beseni nilipokuwa natapika kwa malaria, ambaye hakuwa amechoma nyumba ya mtu yeyote. Wote walikuwa wakiningoja, na kwa mara ya kwanza maishani sikuona aibu.

"Sanduku linarudi ndani," nikasema. "Asiyetaka kulala bweni moja naye atoe lake."

Nikashika mkono mmoja wa sanduku. Halikuinuka, lilijaa vitabu. Nikasubiri nikiwa nimeinama vilevile, na kwa kusubiri hakuna wa kunishinda. Mwishowe yule mwenye sauti akasonya, akashika mkono wa pili, tukaliingiza. Hakuna aliyetoa lake. Nilijawa na furaha hivi kwamba ningeweza kulima Njoro yote siku hiyo.

Msichana wa kitanda cha juu akatandika, akapanda, akaning'iniza mguu mbele ya uso wangu kama zamani.

"Trekta," akasema, "si ungeharakisha kidogo? Nilikuwa nishaanza kufunga godoro."