Wanamsalimia mke wangu kila asubuhi, na mimi ndiye ninayejibu

Admin, ukiliweka hili ukurasani, naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa, Mwislamu wa Kamembe hapa Rusizi, mwalimu mstaafu wa historia. Moyo wangu umevimba na daktari ameacha kunificha. Naandika polepole, na nataka kulisema hili nikiwa bado na akili zangu.

Mke wangu, ambaye hapa nitamwita Mama Zaituni kwa jina la binti yetu, alikuwa fundi wa kushona. Macho yalipochoka na sindano, akanunua kamera ya mtumba kutoka Bukavu, akaanza kupiga picha za ndege. Watu walicheka. Mwanamke wa umri ule, amejifunga kitenge, amelala kifudifudi kwenye tope la mashamba ya mpunga kule Bugarama! Mimi nilibeba begi na mwavuli. Nikikohoa tu, ananigeukia: "Papa Zaituni, nimekuleta unibebee mzigo, si kunifukuzia ndege."

Picha alizituma kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaopenda kupiga picha za ndege na wanyama. Wako Bukavu, Uvira, Bujumbura, hata Bweyeye karibu na msitu wa Nyungwe. Hakuna aliyewahi kumwona uso. Sheria yao ni kwamba unatuma picha ya wiki hiyo tu, na unataja umeipigia wapi. Yake ilifika kila siku baada ya sala ya alfajiri, na watu walisema siku yao haianzi bila hiyo.

Mwaka huu, Ramadhani ilipomalizika, alilalamika kichwa asubuhi. Adhuhuri hakuwa nasi tena. Tulimzika kabla ya magharibi, kama ilivyo desturi yetu. Kesho yake nikafungua simu yake ili niwaarifu wale watu. Nikakuta wameandika: "Maman Zaituni, leo uko wapi? Ndege yetu iko wapi?" Mwingine akamjibu: "Mumuache apumuzike, na yeye ni muntu." Nilianza kuandika kwamba amefariki, nikashindwa kulimaliza neno. Ndani ya kamera zilikuwamo picha nyingi ambazo hakuwahi kuzituma. Nikachagua moja ya ndege mdogo aitwaye chozi, ananyonya ua la mgomba, nikaituma. "Asante Maman! Sasa kumekucha."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Nilijibu kwa maneno yake, hata kwa mizaha yake, kwa maana niliishi nayo miaka mingi. Kwa muda ule mfupi alikuwa hai, nami nilikuwa mume wa mtu.

Kisha nikakosea. Mimi nilijua kubeba begi, ndege sikuwajua. Mwezi wa saba, kiangazi kimekauka, nilituma picha ya korongo mweupe amesimama katika mpunga. Papa Déo, muuguzi mstaafu wa Bukavu, akaandika: "Maman, uyu anafanya nini huku? Benzake balisharudia Ulaya zamani, bakati ya mvua." Ule ndio ulikuwa wakati wa kusema kweli. Badala yake nikaandika: "Ameumia bawa. Hawezi kuruka, wenzake wamemwacha."

Kundi zima likaingiwa na huruma. "Masikini!" "Mumuchunge, bantu batamukula." "Miye na njaa yangu naona tu kuku mukubwa," mmoja akatania, wakamrukia wote kwa matusi. Papa Déo naye amefiwa na mke, na magoti yake ni mabaya. Akaanza kuvuka mpaka kila Jumamosi, anapanda moto, yaani pikipiki, hadi Bugarama kumtafuta korongo huyo. "Maman," aliandika, "tangu bibi yangu afe, uyu ndege njo ananiamusha mu kitanda."

Juma lililopita alituma picha: doa jeupe, mbali, kwenye ukungu wa asubuhi. "Nimemuona! Anaburuta bawa!" Wakashangilia, na kwa kuwa Mama Zaituni ndiye aliyemwona kwanza, wakampa yule ndege jina. Wanamwita Maman. Picha ile nimeikuza mpaka macho yamelowa. Ndege simwoni. Naona kitambaa cheupe kimelala kwenye majani, na nyinyi mnajua sisi tunamzika mtu ndani ya nini.

Nilimwambia binti yangu. Akalia. "Papa, acha Mama alale. Mpaka leo unamzungusha kwenye tope?" Lakini hataki niwaambie. "Watasema Mama alikuwa na familia ya wazimu. Ngoja tu, mimi mwenyewe nitaifunga ile simu." Alitaka kusema nikishaondoka, akalimeza neno.

Kinachonikosesha usingizi si aibu. Ni kwamba mamia ya watu wanampenda mke wangu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyemwombea Mungu amrehemu. Nimemnyima matanga yake. Na Jumamosi hii wanakuja wengi pamoja na Papa Déo, wanataka Maman awaongoze hadi kwa korongo. Nikiwaambia kweli, namwondolea mzee mwenzangu kile kinachomwamsha kitandani, naye atajua kwamba alikuwa akizungumza na marehemu. Nikinyamaza, wataelekezwa hapa Kamembe na kugonga mlango wangu wakimuulizia.

Leo asubuhi Papa Déo ameandika chini ya picha niliyoituma: "Maman Zaituni, Mungu akupe maisha marefu." Wakafuatana mmoja baada ya mwingine, Bukavu, Uvira, Bujumbura, wote wakajibu amina.

Ndugu zangu, wanangu, nyinyi mnaosoma hapa, nipeni neno kabla ya Jumamosi. Nifanye nini na hizo amina?