Kiti cha Mgeni wa Mshindi

Barua ya Akademia ya Taifa ilimkuta Mwalimu katika chumba cha walimu, akisahihisha madaftari ya kidato cha tatu. Aliisoma akiwa amesimama, akairudia akiwa ameketi. Tuzo ya mwaka ya hisabati ilikuwa yake. Ndani ya bahasha mlikuwa na kadi mbili za mwaliko: moja yake, nyingine ya mgeni wake. Ile ya pili ndiyo iliyomkosesha raha.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, hana mume wala mtoto. Mama yake, ambaye yeye mwenyewe alimuuguza miaka tisa, alikwisha kufariki. Wanafunzi walimwita Bibi Iksi, kwa ile x ya milinganyo. Alijua, akajifanya hajui. Kwa miaka kumi na saba, kila Jumamosi asubuhi, alifunga mlango, akatandaza karatasi mezani na kuhangaika na swali moja tu: ni vigae vya maumbo gani vinavyoweza kufunika sakafu isiyo na mwisho bila kuacha pengo. Alipokwama hakuwa na wa kumwambia. Siku alipolipata jibu aliizunguka meza mara mbili, akanywa chai, akaenda kufua.

Alimpigia simu mdogo wake, dereva wa lori.

"Hongera sana, dada," alisema mdogo wake. "Kwani umefanya nini hasa?"

Mwalimu akamweleza habari za vigae.

"Kumbe. Basi uje unitazamie bafu langu, fundi kaniharibia kona yote."

Wakacheka wote wawili, naye mdogo wake akaahidi kuja kwenye sherehe kama mgeni wake. Lakini asubuhi ya sherehe alipiga simu: amepewa mzigo wa ghafla, na tajiri yake hana masihara.

"Usinielewe vibaya, dada."

"Nimekuelewa. Endesha polepole."

Ukumbini, kiti cha kulia kwake kilibandikwa karatasi: Mgeni wa Mshindi. Watu wawili walimuuliza kama kina mtu. Yule wa kwanza, Mwalimu alimjibu kwamba mgeni wake yuko njiani. Wa pili, mama mmoja aliyevaa miwani, alimwambia ukweli, na mama huyo akaweka mkoba wake pale. Mshereheshaji alisoma kichwa cha kazi ya Mwalimu kwa kujiumauma, watu wakapiga makofi ya heshima. Akavishwa nishani, akapigwa picha, akarudi kukaa kando ya mkoba.

Wakati wa viburudisho alisimama dirishani na glasi ya juisi. Mzee mmoja mwenye mkongojo akamjongelea. Alikuwa mmoja wa majaji.

"Ukurasa wa kumi na nne," alisema bila hata salamu. "Pale ulipoigeuza ile pembetatu. Nilikasirika, nikadhani unatupiga chenga. Nikakaa nao siku nne."

"Mimi nilikaa nao miaka mitatu," alisema Mwalimu.

"Najua. Inaonekana."

Mwalimu alikuwa na mengi ya kumwambia, njia alizozijaribu na kuziacha, ambazo hazikuandikwa popote. Lakini mpiga picha alikuja kumwita mzee akasimame na wakubwa, akamshika mkono na kuondoka naye. Mwalimu alingoja palepale mpaka wahudumu walipoanza kukusanya glasi. Mzee hakurudi.

Jumatatu, mwalimu mkuu aliwatangazia wanafunzi mstarini kuwa mwalimu wao amepewa tuzo kwa kufundisha hisabati vizuri. Mwalimu hakumsahihisha. Kipindi cha kwanza alikuwa na kidato cha tatu. Alichora ubaoni umbo moja lenye pande tano.

"Nani ataniambia kwa nini kigae hiki kitaacha pengo?"

Walimtazama kwa adabu. Wengine walinakili lile umbo kwenye madaftari, wakidhani ni la mtihani. Mkono haukuinuka hata mmoja. Basi akafuta ubao, akaandika tarehe, akaendelea na milinganyo.