Pini Mdomoni mwa Wembe

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi mtaa mzima ulimwita Wembe. Wala si kwa sababu ya mikasi. Ni ulimi. Mteja akichelewa kuchukua suruali yake, Shangazi alimwuliza mbele ya watu kama tumbo bado linakua au limeshafika. Alipookoka tulishukuru sana, ila ilionekana ameokoka yeye, ulimi ukabaki nje unasubiri zamu yake.

Ulimi huo ndio uliomgombanisha na mama yangu, wifi yake. Siku moja mezani, mbele ya wageni, Mama alikuwa anasimulia mazoezi ya kwaya. Shangazi akasema sauti ya wifi yake ingefaa sana kufukuzia ndege shambani. Nilicheka mpaka maji yakanipalia, na nilipotulia nikaona Mama hacheki. Kwaya aliiacha wiki hiyohiyo, na dukani kwa Shangazi hakukanyaga tena. Shangazi alikwenda kuomba radhi, akapokelewa na chai na ukimya. Chai ilikuwa nzuri, alisema, lakini ukimya ulimkaa kooni.

Ndipo akaanza mambo ya chaki. Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha la duka, anaandika mstari wa Biblia kwa chaki ya kushonea pembeni mwa meza ya kukatia. Vitambaa vikianza kupita, mstari unafutika, na mchana limebaki vumbi. Kwa hiyo lazima aushike mapema, anaurudia kwa mdundo wa pedali, maneno mawili matatu kila akikanyaga. Nilimwambia siku hizi Biblia nzima inakaa kwenye simu. Akanijibu kwamba hasira ikimpanda hana muda wa kutafuta simu. Hasara ya mpango huo waliipata wateja tu: fundi baiskeli aliondoka na neno "kinywa" limejichapa kinyumenyume kwenye makalio ya suruali mpya, akazunguka nalo hadi jioni.

Neno hilo lilitoka kwenye mstari alioung'ang'ania kuliko yote, ule wa Zaburi ambapo mtu anamwomba Mungu amwekee mlinzi kinywani. Meza ikiufuta, kesho yake anauandika upya. Nilimtania kwamba kwa mdomo wake mlinzi mmoja hatoshi, aombe kikosi.

"Kaombe wako kwanza," akasema. "Huo mdomo umeurithi kwangu."

Dada yangu alipochumbiwa, alisema gauni la harusi atashonewa na Shangazi au atavaa shuka. Mama akakubali kwa shingo upande, lakini kwenda dukani hakutaka. Alimpima dada mwenyewe nyumbani, vipimo vikatumwa kwa simu. Shangazi hakujali. Ilikuwa mara ya kwanza wifi yake kumwomba kitu tangu siku ya ndege, na alilishona gauni lile kama mtu anayeshona undugu wenyewe. Aliogopa kitu kimoja tu: kulikosea, mlango ukafungwa tena.

Siku ya kulijaribu akaleta gauni kwetu. Mama mkwe mtarajiwa wa dada alikuwa sebuleni, amekaa wima kwenye kochi kama anasubiri kupigwa picha. Dada akatoka chumbani, na gauni likatoka nyuma yake kidogo. Mabega yalikuwa yanateleza. Kiuno kingewatosha yeye na bwana harusi.

Aibu ikampanda Mama mbele ya mgeni.

"Wifi," akasema, "hili gauni au turubai?"

Halafu akatoa futi mkobani, ile ya utepe, kuonyesha kwamba yeye alipima sawasawa. Nikaitambua. Ilikuwa futi ya zamani ya Shangazi. Ncha ilichakaa akaikata, kisha akatupatia sisi watoto tuchezee. Inaanzia kwenye tano. Ukipimwa nayo, unanenepa bila kula.

Shangazi naye aliitambua. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini zimejipanga katikati ya midomo kama kawaida ya mafundi. Jibu lilikuwa limeiva, na shahidi amekaa kwenye kochi. Nikaegemea ukuta kusubiri. Mkono wa Shangazi ukapanda kuelekea mdomoni kuzitoa zile pini, ukaishia njiani. Midomo ikatikisika bila sauti. Kidole chake kimoja kilikuwa kinagonga sakafu taratibu, kwa mdundo wa pedali, na nikajua ni mstari upi.

Akachomoa pini moja, akaibana begani. Nyingine kiunoni, nyingine mgongoni. Pini ya mwisho ilipotoka, gauni lilikuwa limemkaa dada hasa, na mama mkwe ameegemea kochi kwa mara ya kwanza.

"Nitalipunguza, wifi," Shangazi akasema. "Kesho litakuwa tayari."

Kesho yake Mama akaniambia nimsindikize dukani. Asubuhi alikuwa amepima dirisha la pazia kwa futi ileile, akakuta limekua. Tulipofika aliiweka ile futi juu ya meza ya kukatia.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa na pini mdomoni, wifi."

Mama alimtazama, kisha akacheka, akacheka tena, akavuta kiti bila kukaribishwa. Walipomaliza kuzungumza habari za maua na viatu, akasema anafikiria kurudi kwaya, na pengine aimbe mwenyewe siku ya harusi. Shangazi anaonaje?

Mimi nilitazama dari. Shangazi akanyoosha mkono hadi kwenye kopo la pini, akabana mbili midomoni, akakaa nazo kidogo, akazitoa.

"Niwekee kiti cha mbele," akasema.

Ndicho alichokalia. Mama aliimba beti zote.